Mkoba wa mashushushu: tuige Washington, London au Cape Town?

Chukua kitabu cha makadirio ya matumizi ya serikali ya Kenya, kile kinachotua bungeni kila mwaka kabla ya bajeti ya Juni. Ukipekua kurasa za kilimo au afya utakutana na programu juu ya programu, malengo, viashiria, mbolea na vyandarua. Ukifika Fungu 1281, la idara ya ujasusi, unapewa jumla ya mabilioni na karibu hakuna zaidi. Wanaoafiki wanaombwa waseme ndiyo, ndiyo inasemwa, na Bunge linasonga mbele kwenye fungu linalofuata.

Sidai fungu hilo lichanganuliwe gazetini. Hakuna nchi inayochapisha anwani za nyumba zake za siri wala majina ya watu inaowalipa wapeleleze. Ninachouliza ni hiki: kati ya wote waliosema ndiyo, ni nani aliyeona kilichomo? Na kama alikiona hakikumpendeza, angeweza kufanya nini?

Majibu ya maswali hayo mawili hutofautiana sana kutoka nchi hadi nchi, na ndiyo maana kila wanapokaa watu kuandika maoni ya katiba au ya sheria ya usalama wa taifa, kunazuka ubishi wa tuige wapi. Vijana hutaja Marekani. Wanasheria hutaja Uingereza, kwa sababu sheria zetu nyingi zilitoka huko na maneno yake tumeyazoea. Mmoja au wawili hukumbuka Afrika Kusini. Mimi nilikuwa wa Marekani kwa miaka mingi, na nitaeleza kwa nini siku hizi jibu langu hutegemea anayeuliza amekaa Nairobi au Dodoma.

Washington: mwenye kisu

Wamarekani hawakuanza na kamati kali. CIA, shirika lao la ujasusi wa nje, ilizaliwa 1947, na sheria ya 1949 ikamruhusu mkurugenzi wake kutumia fedha za siri kwa saini yake tu. Akishasaini, hesabu imefungwa. Kwa robo karne usimamizi wa Congress, yaani Bunge la Marekani, ulikuwa wa wazee wachache kwenye kamati za ulinzi na za matumizi, na baadhi yao waliona heri wasijue mengi.

Desemba 1974 gazeti la New York Times liliandika kwamba CIA imekuwa ikiwapeleleza raia ndani ya Marekani kwenyewe. Mwezi uliofuata Seneti ikaunda kamati teule chini ya Frank Church, seneta wa Idaho. Yaliyotoka humo, kwetu huku hayakuwa habari za mbali. Ripoti ya Novemba 1975 ilieleza jinsi mkemia wa CIA alivyosafiri Septemba 1960 hadi Léopoldville, Kinshasa ya leo, akiwa na sumu ya kumuua Patrice Lumumba. Itiwe kwenye chakula, kwenye mswaki, popote itakapofikia kinywa. Haikutumika, mkuu wa kituo aliiambia kamati kwamba aliitupa mtoni. Lumumba aliuawa Katanga Januari 1961 kwa mikono mingine, ya Wakatanga wenyewe, maofisa wa Kibelgiji wakiwa pembeni. Lakini litazame jambo hili kwa jicho la mhasibu. Tiketi ile, posho ile, mzigo ule, vyote vililipwa kwa fedha zilizopitishwa na wabunge ambao hawakujua wanapitisha nini.

Aibu hiyo ndiyo iliyozaa mfumo wa sasa. Seneti ilipata kamati yake ya ujasusi 1976, Baraza la Wawakilishi likafuata 1977. Tangu hapo fedha hupita milango miwili: kamati ya ujasusi huandika sheria ya kuidhinisha shughuli, na kamati ya matumizi hutoa fedha zenyewe. Sheria inakataza kutumia dola ambayo haikuidhinishwa mahsusi kwa shughuli hiyo ya ujasusi. Mchanganuo umo kwenye kiambatisho cha siri, na mbunge anayetaka kukisoma huingia chumba maalumu akiacha simu yake mlangoni. Mwananchi naye hupewa jumla. Mwaka wa fedha 2007 ilikuwa dola bilioni 43.5, mwaka 2023 ilifika bilioni 71.7, na hapo hujaweka ujasusi wa kijeshi, ambao hutangazwa peke yake.

Kisu hiki kimewahi kukata, tena hapa Afrika. Mwaka 1975 serikali ya Gerald Ford ilikuwa ikiyasaidia kwa siri makundi ya FNLA na UNITA yaliyokuwa yakipigania utawala wa Angola dhidi ya kundi la MPLA. Desemba ya mwaka huohuo Seneti ilipiga kura 54 kwa 22 kufunga bomba la fedha. Mwaka uliofuata seneta Dick Clark wa Iowa akaliwekea jambo hilo sheria, na haikufutwa hadi 1985. Hapakuwa na hukumu ya mahakama wala maandamano barabarani. Wabunge walikataa kulipa, na operesheni ikakauka.

Kimewahi pia kuwa butu. Congress ilipokataza fedha za waasi wa Contra huko Nicaragua, watu wa Ikulu ya Marekani walitafuta fedha kwingine: waliuza makombora kwa Iran na kupitisha bakuli kwa wafadhili wa nje, hadi mambo yakafichuka Novemba 1986. Funzo lake ni gumu kulimeza. Bunge likishika mkoba wa serikali, mtu mwenye nia anaweza kwenda kukopa kwa jirani.

Kuna jambo jingine ambalo husahauliwa na wanaosifu mfumo huu: nguvu ya kamati za Washington haiko kwa maseneta peke yao, iko kwa watumishi wao. Kamati ya Seneti chini ya Dianne Feinstein ilipoamua kuchunguza magereza ya siri ya CIA, watumishi hao walikaa miaka wakipitia kurasa zaidi ya milioni 6 za nyaraka katika jengo lililotolewa na CIA kwa kazi hiyo. Watumishi 5 wa CIA waliingia bila haki kwenye kompyuta zilizotengewa wachunguzi hao, na Julai 2014 mkurugenzi John Brennan akalazimika kuomba radhi. Muhtasari ulichapishwa Desemba 9, 2014. Ripoti yenyewe, zaidi ya kurasa 6,700, imebaki kabatini. Kwenye orodha ya mahabusu 119 iliyotolewa na kamati yumo Mzanzibari mmoja aliyekamatwa Mogadishu mwaka 2003. Baadaye yeye na wenzake waliwashtaki wanasaikolojia wawili waliobuni mbinu zile za mateso, na kesi ikaishia kwenye maridhiano mwaka 2017. Bila vijana wale wa kamati kukaa na makaratasi, sidhani kama orodha ile ingepata kuonekana.

London: nyota tatu

Uingereza ilikuwa na mashushushu tangu 1909, lakini MI5, idara ya usalama wa ndani, haikuwa na sheria yake hadi 1989, yaani miaka 80 ya kufanya kazi kwa idara ambayo kisheria haikuwapo. MI6, ya ujasusi wa nje, na GCHQ, ya kunasa mawasiliano, zilisubiri hadi 1994. Sheria hiyo ya 1994 ndiyo iliyoanzisha kamati ya wajumbe 9 inayosimamia zote tatu, na mwanzoni wote waliteuliwa na waziri mkuu. Sheria ya 2013 ikaihamishia kamati bungeni: waziri mkuu anapendekeza majina, mabunge yote mawili yanathibitisha, wajumbe wenyewe wanachagua mwenyekiti.

Ukifungua ripoti zake utaona alama inayowatambulisha: *** katikati ya sentensi. Kila mahali neno, jina au takwimu imeondolewa, zimewekwa nyota tatu. Mimi napenda ile adabu. Msomaji haambiwi kilichokatwa, lakini anaonyeshwa kwamba kimekatwa, na mahali pake ni hapa. Kwetu sehemu ya siri kwa kawaida inapotea na ukurasa wake, na wewe hujui kama ulikuwa na kurasa kumi au arobaini.

Nyota hizo, hata hivyo, zina mwenyewe. Ripoti hupita kwanza kwa waziri mkuu, naye anaweza kudai sehemu ziondolewe, na ndiye anayeshika mlango wa kuchapisha. Ripoti ya kamati kuhusu Urusi ilifika mezani kwake Oktoba 17, 2019. Uchaguzi ulikuwa Desemba 12. Ripoti haikutoka kabla ya uchaguzi, na baada yake kamati mpya ilichelewa mno kuundwa. Ilipoundwa, Julai 2020, ikulu ilimtaka Chris Grayling awe mwenyekiti; wajumbe wakamchagua Julian Lewis, wa chama kilekile cha Conservative. Siku hiyohiyo Lewis akafukuzwa kwenye kundi la wabunge wa chama chake. Ripoti ikatoka Julai 21, miezi tisa baada ya kukabidhiwa.

Miaka miwili kabla ya hapo kamati hiyohiyo, chini ya Dominic Grieve, ilikuwa ikichunguza ushiriki wa Waingereza katika kutesa na kusafirisha mahabusu baada ya 2001. Ilitaka kuwahoji maofisa waliokuwepo. Serikali ikawazuia. Kamati ilichapisha ilichokuwa nacho, Juni 2018, ikasema waziwazi kwamba imesimamisha uchunguzi kwa sababu haiwezi kuendelea kwa masharti yale. Na imekuwa ikilalamika hadharani kwamba sekretarieti yake imo ndani ya Ofisi ya Baraza la Mawaziri, ofisi ambayo sehemu ya kazi zake inasimamiwa na kamati hiyohiyo. Karani anayekuandikia maswali analipwa na unayemuuliza.

Fedha, kando kwa kando

Hapa ndipo tofauti inapokuwa kubwa kuliko yote, na watu wengi hupita haraka.

Washington mjumbe wa kamati anaweza kusema: mradi huu, mstari huu, sitoi. London mashirika yote matatu yanaombewa fedha kwa pamoja, fungu moja, na Bunge linapiga kura moja. Kamati inaruhusiwa kuuliza kuhusu matumizi, na mkaguzi mkuu wa hesabu wa Uingereza hukagua vitabu, ambalo ni jambo la maana sana. Lakini kamati haina mkono kwenye bomba lenyewe. Na Bunge la Uingereza kwa ujumla si hodari wa kukataa fedha za serikali: mara ya mwisho wabunge walipogoma kupitisha makadirio ilikuwa 1919, na walichokataa ni fedha za bafu la Lord Chancellor, waziri mwenye dhamana ya sheria. Mtu akikuambia mfumo wa London una udhibiti wa fedha, mkumbushe bafu hilo.

Kwa upande mwingine London ina kitu ambacho Washington haina kwa kiwango hicho, nacho ni utulivu. Kamati yake mara nyingi hukubaliana, vyama vyote, kwenye ripoti moja. Kamati ya ujasusi ya Baraza la Wawakilishi la Marekani, hasa tangu 2017, imewahi kugawanyika kiasi cha kila chama kutoa waraka wake kupingana na wa mwenzake. Mashushushu hawaombi zaidi ya hapo. Kamati inayogombana yenyewe haina muda wa kumuuliza mtu risiti.

Cape Town: askari wa tatu

Afrika Kusini iliandika katiba yake ikiwa na makovu mabichi ya polisi wa siri wa makaburu, na inaonekana. Katiba ya 1996 inaagiza kamati za Bunge za vyama vyote kusimamia vyombo vya usalama, kisha inaongeza mtu wa nje: mkaguzi wa ujasusi, raia, anayeteuliwa na rais lakini baada ya kuungwa mkono na theluthi mbili ya wabunge. Huyu ndiye anayeingia ofisini, anafungua kabati, anapokea malalamiko ya raia. Mbunge ana jimbo, ana mazishi ya kuhudhuria, ana kamati nyingine. Mkaguzi hana kazi nyingine.

Kwenye karatasi, hakuna aliyewashinda. Halafu ikaja Aprili 2018. Mkaguzi Setlhomamaphi Dintwe alikuwa akimchunguza mkurugenzi wa idara ya usalama, Arthur Fraser. Fraser akamfutia Dintwe kibali cha kuona nyaraka za siri. Yaani mchunguzwa alimnyang'anya mchunguzi ufunguo, na alikuwa na kalamu ya kufanya hivyo. Ilibidi rais Cyril Ramaphosa amhamishie Fraser idara ya magereza ndipo mambo yakarudi mahali pake. Jopo lililoongozwa na Sydney Mufamadi likaja kueleza jinsi idara ilivyokuwa imegeuzwa chombo cha kundi moja ndani ya chama tawala, na likagusa pia kwamba ofisi ya mkaguzi ilitegemea idara hiyohiyo kwa fedha zake. Mkaguzi mkuu wa hesabu, kwa miaka mingi, alikuwa akitoa hati yenye shaka kwa sababu hakuweza kuthibitisha matumizi ya operesheni za siri.

Kwa hiyo askari wa tatu ni wazo zuri lililowekwa nyumba ndani ya boma la mwenye mali. Ukilichukua, mjengee nje.

Basi, uchague nini?

Ukiwa Kenya, nakushauri uelekee Washington, na sababu yangu haina uhusiano na sinema. Katiba ya 2010 iliwatoa mawaziri bungeni na kulipa Bunge la Taifa mamlaka ya kweli juu ya makadirio. Kamati inaweza kupunguza fungu na kulihamisha. Ibara ya 238 inasema usalama wa taifa uko chini ya mamlaka ya katiba na Bunge. Sheria ya ujasusi ya 2012 nayo inataja usimamizi wa kamati ya Bunge pamoja na bodi ya malalamiko. Mlango upo. Kinachokosekana ni watu wa kuingia nao: wachambuzi wa hesabu na wanasheria wa kamati, waliochujwa, walioapishwa, wanaolipwa na Bunge na wasiobadilishwa kila baada ya uchaguzi. Kamati ya wabunge wasio na watumishi wa aina hiyo itaandaliwa chai nzuri, itaonyeshwa slaidi, itarudi mjini.

Ukiwa Tanzania, usianzie huko. Ibara ya 90 ya katiba ya 1977 inamruhusu rais kulivunja Bunge likikataa kupitisha bajeti. Mawaziri ni wabunge, na chama tawala kimejaza viti. Sheria ya usalama wa taifa ya 1996, iliyorekebishwa 2023, inaiweka idara karibu kabisa na rais, na Kamati ya Mambo ya Nje, Ulinzi na Usalama ina wizara nzito za kushughulikia kabla haijafikia mashushushu. Ukimpa mbunge wa namna hiyo kisu cha Washington, atakiweka mfukoni, na simlaumu. Akikitoa anahatarisha kiti chake na cha jirani yake. Hapo naona heri kuanza na vitu viwili vidogo. Kutoka London, taarifa ya kila mwaka inayosomwa hadharani, nyota zake zikiwa mahali pake. Kutoka Cape Town, mkaguzi anayehitaji theluthi mbili, ila bajeti yake ipite mfuko wa Bunge na kibali chake kisiweze kufutwa na mtu anayemchunguza. Ugomvi wa mkoba usubiri ibara ya 90 iguswe.

Kuna watakaosema huku ni kuridhika na makombo. Huenda. Ila nimeona rasimu kadhaa zilizonakili kamati ya Seneti neno kwa neno, zikaiweka kwenye Bunge ambalo halijawahi kukataa bajeti ya chochote.

Na kama nafasi iliyobaki kwenye rasimu yenu ni ya kifungu kimoja tu, Nairobi au Dodoma, wekeni cha ukaguzi. Mkaguzi mkuu wa hesabu ateue wakaguzi watatu waliochujwa na kuapishwa, waingie masijala ya idara, waone hati za malipo zenyewe badala ya muhtasari ulioandaliwa na mhasibu wa humo ndani. Taarifa yao ifike kwa wajumbe wa kamati, wa chama tawala na wa upinzani, siku ileile inapofika kwa rais. Andikeni hayo maneno, "siku ileile", msiache kwa kanuni. Ile ripoti ya Urusi ilisubiri miezi tisa kwa sababu hakuna aliyeyaandika.